Naam ya Mzee Athmani Kizimbani

Siku ile kortini tulikuwemo sisi hawa, na nawataja wote mwanzo ili msije mkanikatiza katikati. Juu, kwenye meza ya mbao nyeusi, alikaa Bwana Hakimu Wafula. Chini yake, kwenye meza ndogo, alikaa karani wake, Josphat Mwaniki, ambaye ndiye aliyesoma mashtaka na kufasiri. Kiswahili hakimu alikijua, lakini kazi ya korti ilikwenda kwa Kiingereza, na kila neno la mshtakiwa lilipita kwanza kwa karani. Upande wa kulia alisimama Inspekta Kiptoo, mwendesha mashtaka, maana zama zile kesi ndogondogo ziliendeshwa na polisi. Mlangoni alikuwa Mzee Ndolo, tarishi, aliyenifundisha kazi. Benchi la mbele alikaa Mama Lidia, mwenyekiti mpya wa kikundi cha akina mama wa ukumbi wetu wa Kaloleni, ndiye mlalamikaji. Na ndani ya kizimba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alikuwa Mzee Athmani Shee, fundi wa cherehani, jirani yangu mlango wa tatu, aliyemshonea marehemu mume wangu kanzu ya nikahi.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na ndoo. Rukia binti Salim, mfagiaji.

Wajukuu zangu hunicheka. Juzi Zaitun ananiuliza, Shosh, miaka yote hiyo kortini ulikuwa unafagia tu? Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nafagia tu, na nilikuwa naona. Wewe unayesomea sheria kwenye vitabu, na nyinyi wenzake ambao mkisikia neno korti mnafikiria pingu peke yake, kaeni niwaambie nilichokiona. Shule nilifika darasa la pili. Chuoni kwa maalimu, chuo cha Kurani, nilihitimu. Majina ya watu sijawahi kuyasahau, labda ndiyo shule yangu.

Korti yetu ilikuwa huku huku Eastlands, nyumba ndefu ya mabati mekundu, na mwisho wa miaka ya sabini ndipo nilipoingia. Siku ya kwanza Mzee Ndolo alinishika mkono akanizungusha kama mtu anayeonyeshwa msikiti. Hapa ndipo anapokaa hakimu, akaniambia, hapa unafuta vumbi kwa kitambaa kikavu na hukai, hata kama umechoka vipi, hata kama hakuna mtu. Hapa ni kizimba, anasimama mshtakiwa. Pale ni kwa shahidi. Kati ya hakimu na kizimba hupiti wakati kesi inaendelea, hata kama moto unawaka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kwa sababu hao wawili wanatazamana, na wewe nani umkate mtu macho siku yake?

Kazi yenyewe nitawafundisha kidogo, maana hata hiyo mmeisahau kwa hizi mashine zenu. Sakafu ile ya saruji tuliipaka polishi nyekundu, halafu tukaisugua kwa kumbi la nazi lililokatwa katikati, mguu mmoja juu ya kumbi, mkono kiunoni, mpaka ujione uso. Benchi likilia watu wakikaa, unapaka sabuni kavu kwenye kiungo. Lakini mbao ya juu ya kizimba, ile ambayo washtakiwa huishika, hiyo haitaki polishi hata kidogo. Inataka maji ya siki. Mbao ile ilikuwa inalowa. Mwanzoni nilidhani ni mvua, paa linavuja. Kumbe ni mikono ya watu. Asubuhi naifuta ikiwa kavu, na saa sita naikuta mbichi, ina alama za vidole, na nilijua kwa alama zile nani alikuwa na hofu na nani alikuwa mzoefu. Mzoefu haachi alama, hukunja mikono nyuma.

Makosa nilifanya. La kwanza lilikuwa kubwa kuliko yote, na mpaka leo nikilitaja Mama Syombua, mke wa Mzee Ndolo, hushika mbavu. Nilikuta kwenye kona ya chumba cha karani sufuria kubwa na mtungi, vinanuka pombe ya kienyeji mpaka macho yakaniwasha. Mimi mtoto wa Kiislamu, nikaona jambo hili halifai katika nyumba ya serikali. Nikavibeba mpaka bombani, nikavisugua kwa majivu, nikavisuuza mara saba kwa nia, nikavianika juani vikang'aa. Juu ya mtungi palikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Nikakitoa, nikakitupa.

Saa nne kesi ikaitwa. Inspekta akaomba kizibiti kiletwe. Ndipo nikajifunza neno kizibiti: kitu chochote ambacho polisi wamekikamata na kinaletwa mbele ya hakimu kiwe ushahidi. Kikaletwa. Hakimu akachungulia ndani ya sufuria akaona uso wake mwenyewe. Mama aliyeshtakiwa kwa kupika pombe alianza kutabasamu kidogo kidogo, kama mtu anayeona gari la kwao linakuja. Kesi ikafa pale pale. Yule mama alipotoka alinipata nje akaniambia Mungu akuzidishie mikono. Mzee Ndolo hakunigombeza. Alinikalisha akaniambia kitu chenye karatasi iliyofungwa kwa uzi usikiguse, usikifute, usikisogeze, hata kiwe kinatoa funza. Uchafu wa hapa una kazi yake.

Basi niliogopa mahali pale, na woga wenyewe haukuwa wa jela. Niliogopa kama unavyoogopa ukisimama karibu na kitu kikubwa kisichokuona. Watu walioingia pale walikuwa wanapiga kelele huko Makongeni na Mbotela, mtaa mzima unawajua kwa matusi, lakini mlangoni sauti zao zilianguka zenyewe. Hakimu aliandika yote kwa mkono, kila neno la kila shahidi, kutwa nzima. Nilipokuwa nikifuta meza yake jioni niliona kidole chake cha kati kimeacha alama kwenye mbao, mahali kinapoegemea. Nikawaza, maneno ya watu wote wa Eastlands yamepita kwenye kidole hiki.

Sasa nirudi kwa Mzee Athmani.

Mzee Athmani alizaliwa Majengo, mtaa wa Waswahili jirani yetu, baba yake mtu wa Lamu. Alikuwa mjane, na aliachiwa na binti yake marehemu wajukuu wawili wa kike, Fatuma na Mwanaidi. Alikuwa na cherehani mbili. Moja aliiweka barazani kwake, moja aliipeleka ukumbini, akawa anawafundisha akina mama kushona alasiri, bila ya malipo, kwa sababu alipenda kuona mtu asiyejua anajua. Akina mama wakaanzisha kikundi. Kikundi kikapata mwenyekiti, na mwenyekiti akabadilishwa akaja Mama Lidia, mama mchapakazi, simsingizii, lakini mgeni katika mambo yetu. Aliikuta cherehani ukumbini akadhani ni ya kikundi. Mzee Athmani ile ya nyumbani ikamvunjikia. Akaenda ukumbini asubuhi, mchana mweupe, akasalimia watu, akaipakia cherehani yake kwenye mkokoteni akaenda nayo. Jioni polisi wakamjia.

Hilo ndilo shitaka. Kwamba aliiba cherehani moja, mali ya kikundi. Na wizi, Inspekta alikuwa akipenda kusema, sheria inaruhusu mtu afungwe hata miaka mitatu. Fatuma na Mwanaidi walikaa nje kwenye ngazi na sare zao za shule. Hawakuwa na mtu mwingine wa kurudi kwake.

Hapa niwaeleze jinsi shitaka linavyosomwa, kwa maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu akiletwa mara ya kwanza hakuna mashahidi wala mabishano. Anasomewa shitaka kwa lugha anayoielewa, halafu anaulizwa jambo moja tu, ni kweli au si kweli. Akisema si kweli, kesi inapangiwa siku, mashahidi wanaitwa. Akisema ni kweli, basi amekiri. Inspekta anasoma maelezo ya jinsi mambo yalivyotokea, anaulizwa tena kama maelezo ni sawa, na baada ya hapo ni hukumu. Neno moja. Mtu anaweza kwenda upande huu au ule kwa neno moja.

Karani Mwaniki alikuwa mtu mzuri ila mwenye haraka. Asubuhi ile alikuwa na watu thelathini wa kusomewa. Akasimama na faili lake.

Akasema, Athmani Shee. Mzee akajibu, naam.

Akasema, unashtakiwa kwamba mwezi huu, katika mtaa wa Kaloleni. Mzee akajibu, naam.

Akasema, uliiba cherehani moja, mali ya kikundi cha akina mama. Mzee akajibu, naam. Akainamisha kichwa.

Mwaniki hakufika hata kwenye swali. Aligeuka akamwambia hakimu kwa Kiingereza maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi nikayajua, kwamba mshtakiwa anasema ni kweli. Hakimu alikuwa ameinama anaandika. Akaandika na hilo. Inspekta akaomba radhi kwamba maelezo hayajachapwa, yatakuwa tayari baada ya chakula cha mchana. Hakimu akakubali. Saa nane. Mzee Athmani akateremshwa seli, anashangaa, anageuka nyuma kutazama kama kuna mtu atakayemuuliza kitu.

Mimi nyuma pale niliuweka ufagio chini. Nyinyi wa siku hizi mkiitwa mnasema "eeh?" au "sema", na hamuoni kitu. Kwetu mtoto aliyejibu hivyo hakurudia. Mwanamke akiitwa huitika bee, mwanamume huitika naam, na mkubwa akikueleza jambo, kila akitua unamwitikia, ajue unamsikiliza, ajue hukulala. Ukinyamaza umemdharau. Mzee Athmani alikuwa mbele ya mkubwa kuliko wote aliowahi kusimama mbele yao. Angenyamaza vipi? Aliitikia kama alivyofundishwa na mama yake. Mwaniki yeye ni mtu wa Murang'a, Kiswahili alikisoma darasani, na kitabuni naam ni ndiyo. Hapakuwa na mwenye nia mbaya chumba kile. Ndipo mjue hatari ilivyo, haihitaji mtu mbaya.

Nikamwendea Mzee Ndolo, nikamwambia ngoja niingie kwa hakimu nimweleze, chai yake ya mchana naipeleka mimi. Sijawahi kumuona Mzee Ndolo amekasirika ila siku hiyo. Alinivuta kando ya ukuta.

"Rukia, sikiliza. Hakimu anasikia kesi kwa mlango mmoja tu, mlango wa kortini, watu wote wakiwepo. Wewe ukimnong'oneza leo kwa ajili ya Athmani, kesho mwenye pesa atamnong'oneza kwa ajili yake. Funga mdomo upeleke chai."

Nikapeleka chai. Ofisi ya hakimu ilikuwa ndogo kuliko mnavyofikiri, ina kabati la vitabu na koti limetundikwa. Nikaweka birika, kifuniko kikalia.

Akasema, Rukia. Nikasema, bee.

Akanitazama. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, Mheshimiwa. Machozi yalikuwa yananilengalenga. Nadhani aliyaona. Aliweka kalamu chini, akasema polepole kwamba kama ni jambo la nyumbani nimwambie, na kama ni jambo la kesi iliyo mbele yake, basi yeye hana masikio ndani ya chumba hiki, nimpelekee karani, na karani alilete mahali pake.

Nilitoka nimeduwaa. Nimewaona watu wengi wenye uwezo maishani, na kila mmoja alitaka kuambiwa mambo chemba. Yeye aliweza kusikia na akakataa kusikia. Nilifikiri hakimu ni mtu aliyepewa nguvu. Kumbe pia ni mtu aliyefungwa, na kamba anaishika mwenyewe.

Mwaniki nilimkuta anakula githeri kwenye bakuli lake la bati. Nikamweleza. Alicheka kwanza.

"Mama Rukia, leo umeacha ufagio unanifundisha Kiswahili?"

Nikamwambia sikufundishi Kiswahili, nakueleza adabu ya watu wa Majengo. Nikamwonyesha jinsi tunavyoitikia. Akaacha kucheka. Akasema imeshaandikwa. Akasema akisimama mbele ya Inspekta na hakimu kusema amefasiri vibaya, watamuuliza na wale wengine wote je. Na huko nyuma, miaka yote amefasiri, hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Neno lililonitoka sikulipanga. Nilimwambia, "Walalamike vipi, mwanangu, na malalamiko yao nayo hupita kwako?"

Akaacha kutafuna. Bakuli akaliweka chini taratibu, akakaa anatazama mikono yake. Nilichukua ndoo yangu nikaenda, kwa sababu niliona nikibaki nitamwonea haya.

Saa nane Mzee Ndolo akaita watu wasimame. Hakimu akaingia, akakaa. Mzee Athmani akapandishwa. Inspekta akasimama na karatasi yake ya maelezo. Nami moyoni naomba dua zote nilizonazo, hata ya kusafiria.

Mwaniki akasimama kabla ya Inspekta. Sauti yake haikuwa ile ya asubuhi. Alisema kwa Kiingereza, na kisha kwa Kiswahili ili mshtakiwa asikie, kwamba anaiomba mahakama ruhusa, ana shaka na tafsiri yake mwenyewe. Kwamba neno alilojibu mshtakiwa lina maana mbili na yeye alichukua moja. Inspekta akapinga. Akasema naam ni ndiyo, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, na hili limeshaandikwa. Mama Lidia naye akaguna pale mbele.

Hakimu alivua miwani. Akasema kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, bila ya karani:

"Athmani Shee."

"Naam."

"Mzee, nimekuita jina tu. Umekubali nini?"

Mzee Athmani akatazama kulia, akatazama kushoto. Alidhani amekosa tena.

"Sijakubali kitu, Mheshimiwa. Umeniita, nimeitika."

Hakimu akainama, akachukua kalamu, na mimi nyuma kule nilisimama kwa vidole vya miguu nione. Akavuta mstari juu ya yale maandishi yake, mstari mmoja ulionyooka, hakuchafua, hakuchana karatasi, akaweka sahihi pembeni. Baadaye nilipokuwa nikifuta meza niliuona. Maneno ya chini bado yalisomeka. Mwaniki aliniambia ndivyo inavyotakiwa, kosa halifichwi, linakatwa na kuachwa lionekane.

Akaamuru shitaka lisomwe upya, polepole, na mzee aambiwe anyamaze mpaka mwisho, kwamba kunyamaza hapa si dharau. Mzee alinyamaza kwa shida, midomo inacheza. Alipoulizwa ni kweli au si kweli akasema ni kweli ameichukua, ni yake. Hapo Inspekta akaruka, akasema mmesikia, amesema ni kweli. Hakimu akasema nimesikia na lililofuata. Mtu anayesema ni yangu hajakiri wizi. Akaandika kwamba amekanusha. Mzee akaachiwa kwa dhamana, mdhamini akawa imamu wetu wa Kaloleni, Maalim Bakari, na kesi ikapewa siku.

Mnadhani yameisha? Sivyo. Kukanusha si kushinda, Zaitun atawaambia. Cherehani ilibaki chumba cha karani, kizibiti, imefungwa uzi na karatasi, na niwaambie sikuigusa hata ilipojaa vumbi. Majuma kadhaa mzee alishona kwa mkono, barazani, na watu wa mtaa wengine walipita upande wa pili wa njia. Jina la mwizi halingoji hukumu.

Siku ya kusikilizwa Mama Lidia alipanda kwa shahidi, akaapa kwa Biblia. Msahafu, wa kuapia Waislamu, nilikuwa nautunza mimi tangu nilipoukuta siku moja umelaliwa na mafaili. Niliushonea mfuko, nikaomba nipewe mimi kazi ya kuuleta. Mama Lidia akaeleza vizuri tu. Aliikuta cherehani ukumbini, vitu vya ukumbini ni vya kikundi, mshtakiwa aliichukua bila ya ruhusa yake. Hakuongopa hata neno. Nikatishika upya, maana mtu anayesema kweli ni mgumu kumshinda.

Mzee hakuwa na wakili. Hakimu akamweleza kwamba ana haki ya kumuuliza shahidi maswali, na shahidi lazima ajibu. Mzee akauliza kama anaruhusiwa kweli kumuuliza mama wa watu maswali mbele za watu. Akaambiwa anaruhusiwa. Akakohoa. Akauliza uzi wa cherehani ile huingizwa sindanoni kutoka upande gani. Mama Lidia hakujua, yeye si mshonaji. Watu wakacheka, Mzee Ndolo akawanyamazisha. Hakimu akasema hilo halithibitishi kitu, mtu anaweza kumiliki gari asijue kuliendesha, aulize lingine kama analo.

Nilianza kuona mbao ya kizimba inang'aa chini ya vidole vyake.

"Mama Lidia, siku ya kwanza kabisa ulipoingia ukumbini, kabla hujawa mwenyekiti, cherehani uliikuta?"

"Niliikuta."

"Nani alikuwa ameikalia?"

Mama Lidia angeweza kusema hakumbuki, nani angemkatalia? Alitazama ile Biblia aliyoishika muda mfupi uliopita.

"Wewe," akasema. "Ulikuwa unamfundisha Mama Njeri kukunja pindo."

"Sina swali lingine," akasema mzee, na kwa mazoea akamwambia ahsante mwanangu.

Hukumu ilisomwa siku ile ile. Hakimu alisema mtu akichukua kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni chake, huyo hakuiba, hata kama wengine wanaamini ni chao. Korti hii haikuitwa kuamua nani alikosa adabu ya kubisha hodi, iliitwa kuamua kama kuna mwizi, na mwizi hayupo. Akaamuru uzi ukatwe na kitu kirudi kwa mwenyewe. Mwaniki alifasiri neno kwa neno, na baada ya kila sentensi alisimama, akamngoja mzee aonyeshe kwamba ameelewa.

Mzee Athmani akasema, "Naam."

Safari hii hakuna aliyeandika.

Nje, Mama Lidia alimngoja kwenye ngazi. Waliyosemezana sikuyasikia, nilikuwa na ndoo. Nilichoona ni kwamba cherehani waliinyanyua wawili, huku na huku, mpaka kwenye mkokoteni, na Mwanaidi akapandishwa juu yake aishikilie. Mwezi uliofuata mzee alirudi kufundisha ukumbini, na safari hii ikaandikwa kwenye karatasi cherehani ni ya nani.

Mwaniki tangu siku hiyo alibadilika. Kila asubuhi kabla ya kusoma alisema, msinijibu mpaka nimalize, kisha mniambie kweli au si kweli, msiniambie neno lingine. Na akiletwa mtu wa Majengo, au Mnubi wa Kibera, au Msomali wa Eastleigh, alinitazama kwanza mimi nyuma, kuona kama nimekunja uso. Niliifanya kazi hiyo ya kukunja uso mpaka nilipostaafu, na haikuwa kwenye barua yangu ya ajira.

Hayo ndiyo niliyoyaona, nami nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, Zaitun akininyooshea herufi. Kama yuko mtu wa Kaloleni anayejua kwamba Inspekta si Kiptoo ila mwingine, au Mama Lidia alisema neno nililomnyima, au ni Fatuma aliyepanda mkokoteni na si Mwanaidi, aje aniambie, mlango anaujua. Nisahihisheni bila ya haya. Msinifutie tu. Pigeni mstari mmoja ulionyooka, la chini libaki linasomeka, na pembeni mweke jina lenu.